Mwisho Aliopewa Bridget

Mimi ni Mpare wa Same, na utani wa watu wa kwetu mnaujua: Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Wanaotutania hivyo wanadhani wametutukana. Mimi nasema sawa kabisa, na huyo kuku nikishamshinda nitamla hadharani, mwizi wake akinitazama. Kwa hiyo anayetaka habari za kusameheana aende kanisani. Hata mimi naenda, tena mbele kabisa nakaa, lakini leo sisimulii ya kanisani.

Nasimulia ya Mwatumu, mama Mwanaidi, msusi mwenzangu. Viti vyetu vinapakana katika saluni moja hapa Hyattsville, Marekani, kati ya duka la kufulia nguo na mgahawa wa watu wa El Salvador unaotutia njaa tangu asubuhi. Mwatumu ni Mdigo wa Tanga, mfupi, sauti ya chini, vidole vyepesi ajabu. Mimi kichwa cha rasta ndogondogo nakimaliza nimenuna na mteja kanuna. Yeye anakimaliza mteja hataki kuinuka. Na sababu si vidole, ni hadithi.

Hadithi yenyewe aliianza Mwanaidi akiwa mdogo. Mtoto alikuwa na nywele nzito, akikiona kitana tu analia mpaka jirani anagonga ukuta. Mama yake akamwambia, "Kuna msichana anaitwa Tunu, yuko safarini. Wewe ukitulia, anatembea. Ukilia, anasimama, na nyuma yake kuna watu wanamfukuza." Basi mtoto akawa anatulia tuli, machozi yanamtiririka lakini mdomo kaufunga, maana hataki Tunu akamatwe.

Tunu ni msusi, anaweza kusuka hata moshi ukawa kamba. Kwao kuna mfalme anaitwa Kimeza, na kazi yake ni kumeza sauti za watu. Akishameza yako, wewe unabaki bubu, na yeye anaongea kwa sauti yako, anaimbia wageni, anasifiwa. Mji mzima umenyamaza, watu wanasemeshana kwa mikono. Siku Tunu anatoroka, mlinzi wa lango, mzee asiyeona, anamtegea kitendawili na kumwambia: siku ukikitegua, Kimeza kwisha. Kuanzia hapo ni majini wa chumvi, ni kisiwa kinachohama usiku, ni nyoka anayelala juu ya mvua, miaka nenda miaka rudi.

Mwanaidi akakua, wateja wakaanza kusikiliza. Mwatumu alikuwa anasimulia kazini tu, mikono ikiwa kichwani mwa mtu. Ukimwambia asimulie amekaa, hawezi, anasema maneno yamo vidoleni mwake. Ukija kusuka unapata kipande chako, na aliyekuja jana anakuja tena kuuliza aliyekuja leo kapata nini. Nimewaona kwa macho yangu watu wakifumua rasta ambazo hazijamaliza hata wiki mbili. Biashara ilikuwa tamu, niseme ukweli, na hata wateja wa kwangu walikuwa wanavuta kiti wamkaribie.

Na kila mtu alikuwa na mwisho wake mfukoni. Mmoja anataka Tunu aolewe na mwana wa mfalme. Mwingine, mama mlokole mmoja, anataka Kimeza atubu.

"Asitubu!" Mwatumu alisema siku hiyo, na ndiyo siku ya kwanza nilimsikia akipandisha sauti. "Akitubu, na mimi niliyekaa bubu miaka yote hiyo nilipwe na nani? Mwisho hautoki hewani, mama. Mimi nikishika unywele wa kwanza najua wa mwisho utalalia wapi. Na mwovu asipigwe na radi wala asiugue. Aangushwe na kile kile alichokiiba."

"Basi tuambie, anaangushwaje?"

"Huo una mwenyewe."

Mwenyewe ni Mwanaidi. Alimwahidi mtoto wake kwamba siku atakapomsuka nywele za kumalizia sekondari, ndiyo siku atakapompa mwisho. Hakuna mwingine aliyeujua, hata mimi, pamoja na chai yote niliyomnywesha.

Sasa akaja Bridget. Mkenya, mtu wa Kitale, anakaa Silver Spring, anafanya kazi ya ofisini mjini. Mrembo, mcheshi, anakumbatia kila mtu. "Anti Mwatumu, aki nimekumiss! Si unianzie pale Tunu aliingia kwa kile kisiwa?" Simu anaiweka mapajani, chini ya kile kitambaa tunachowafunika wateja. Nani angeshangaa? Kila mtu siku hizi simu yake ni kiungo cha mwili. Kumbe simu inarekodi, mwaka mzima inarekodi.

Kila rekodi alikuwa anamtumia binamu yake huko Eldoret aiandike. Halafu yeye anaisoma kwa sauti yake, anaweka muziki, anaitia mtandaoni. "Hadithi za Tunu, zimetungwa na kusimuliwa na Bridget." Zimetungwa! Watu wakazipenda hadi Minnesota, hadi Nairobi na Dar. Wakamwita malkia wa hadithi. Na sisi huku tunasuka tu, hatuna habari.

Aliyetuletea habari ni Mwanaidi mwenyewe. Ana miaka kumi na saba, na kama watoto wetu wote wa hapa, Kiswahili anakisikia chote lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Aliingia saluni ametoka shule, begi mgongoni, akamwekea mama yake simu sikioni. Mwatumu akasikiliza. Nikaona mkono wenye kitana unashuka. Halafu mtoto akasema, kwa Kiingereza chake, bila hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililouma: "Kwa nini hukuniambia kwamba uliitoa mtandaoni? Miaka yote nilidhani uliitunga kwa ajili yangu."

"Nimeitunga mimi, mwanangu."

"Mama. Huyu ana watu maelfu. Shuleni watoto wa Kikenya wote wanamjua. Sio vibaya kunakili, ila ungesema tu."

Mtoto akamshika bega kama vile anamhurumia, akaenda zake kukaa nyuma. Na tangu siku hiyo akikaa kitini mama yake amsuke, anatia vidubwasha vyake masikioni, anasikiliza mambo yake.

Jamani! Mtu akikuibia gari utalia, utanunua jingine. Lakini uibiwe kitu, halafu mwanao wa kumzaa amwamini mwizi! Damu ilinipanda mpaka nikaungua mkono kwa maji ya moto ya kuchovyea ncha za rasta.

"Tumtafute," nilimwambia Mwatumu. "Siku akikanyaga hapa, wewe mshike kichwa, mimi nashika mkasi."

"Wee Mpare, tulia."

"Nitulie nini! Twende tumwandikie humo humo mtandaoni, tumwaibishe."

"Nitaandika nini? Msusi wa Hyattsville anasema hadithi ni yake? Mwanangu mwenyewe haamini." Akafuta kitana kwa aproni, taratibu. "Atarudi. Hana mwisho."

Na kweli, mwezi wa tano akarudi. Alikuwa ametangaza kila mahali: Bridget atasoma mwisho wa Tunu ana kwa ana, Jumapili alasiri, katika ukumbi chini ya mgahawa mmoja Silver Spring. Jumamosi asubuhi huyo, mlangoni, kumbatio kama kawaida.

"Anti, leo nataka ndogo ndogo kabisa, zikae sana. Na leo si unimalizie hadithi? Aki nimengoja!"

Nikamtazama Mwatumu. Mwatumu akatabasamu. Nawaambia, niliogopa tabasamu lile.

"Kaa, mwanangu. Leo nakupa mwisho."

Akamsuka. Kwanza alimbana, Mungu anisamehe, alimbana mpaka nyusi zikapanda karibu na utosi. Na huku anasimulia kwa ile sauti yake ya chini, tamu, mpaka mimi mwenyewe niliyeshuku ni mtego nikasahau mteja wangu. Tunu amerudi mjini. Amesimama mbele ya Kimeza. Mfalme anafungua kinywa ammeze sauti. Na mikono ya Mwatumu ikiwa kazini, mdomo wake nao unatoa amri zake za kila siku katikati ya maneno, kama msusi yeyote: "Inamisha kichwa, usitikisike. Tunu akapiga hatua. Geukia dirishani. Mfalme akasema. Ala, hapa kisogoni una mba, kaitafutie dawa."

Bridget akauliza, "Na anti, pale langoni Tunu aliulizwa nini? Hujawahi kuniambia. Watu wanau... yaani, mimi nangoja sana hiyo."

"Itakuja yenyewe," Mwatumu akamjibu.

Halafu akamalizia. Mfalme alipofumba kinywa, Tunu akafumbua macho. Yuko kitandani kwao. Mama yake anapika uji. Hakuna mfalme, hakuna kisiwa, hakuna nyoka. Ilikuwa ndoto tu.

Nikadondosha kitana. Bridget akasema polepole, "Wow. Hiyo ni deep." Akaondoka mbio na nyusi zake juu, anapiga simu Eldoret kabla hajafika kwenye gari.

Mimi nikamgeukia Mwatumu. "Ndoto? Miaka yote hii, ndoto?"

"Ungekuwa wewe umengoja, ungefanyaje?"

"Ningevunja viti!"

"Haya," alisema, akaanza kufagia nywele.

Jumapili tulimchukua Mwanaidi kwa nguvu. Hakutaka. Mama yake akamwambia, "Njoo usikie mwisho kwa huyo mwenye hadithi. Baadaye sitakusumbua tena." Tukapanda treni mpaka Silver Spring, mtoto anaangalia dirishani, mama kajitanda khanga juu ya koti, mimi nimevaa viatu vya kupigania endapo itabidi.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Wakenya, Watanzania, Wakongo na vitenge vyao, wanafunzi waliotoka hadi Fairfax. Wengine wamevaa fulana zimeandikwa mbele: INAMISHA KICHWA, USITIKISIKE. Nikadhani macho yananidanganya. Nikamuuliza dada mmoja wa Kikenya aliyekaa mbele yetu, jina lake Jeptoo, maneno yale ni ya nini.

"Ai, hujui? Ni ile Sauti ya Juu. Kila Tunu akiwa kwa shida, kuna sauti inamwongelesha kutoka juu. Inamwambia inamisha kichwa. Geuka. Vumilia kidogo. Ni roho inamlinda. Hiyo ndiyo tunapenda sana!"

Niliuma khanga ya Mwatumu nisicheke. Yule binamu wa Eldoret hajawahi kuona kiti chetu! Amesikia rekodi, kasikia sauti inasema inamisha kichwa, kaandika inamisha kichwa. Na Bridget alipoona watu wanaipenda, kaiacha. Nikamtazama Mwanaidi nione kama amesikia. Alikuwa amekunja uso, anaisoma ile fulana tena na tena.

Bridget akapanda jukwaani. Makofi. Kompyuta ndogo mkononi, nywele zinang'aa, na zile nyusi zinamfanya aonekane ameshtuka tangu mwanzo. Akaanza kusoma, na anasoma vizuri, simnyimi haki yake. Tunu kafika mbele ya mfalme.

"Sauti ya Juu ikamwambia Tunu: inamisha kichwa, usitikisike." Watu wakaitikia wote pamoja, kama kanisani. "Ikamwambia: geukia dirishani." Wakapiga makofi. "Mfalme akasema..." na hapo macho yake yalitangulia mbele kidogo, nikaona shingo inakakamaa, lakini mdomo ulikuwa umeshaondoka. "Ala, hapa kisogoni una mba, kaitafutie dawa."

Mtu mmoja akacheka nyuma. Na Mwanaidi, pembeni yangu, akapeleka mkono kisogoni kwake. Tangu ana miaka mitatu sentensi ile ameisikia, kwa sauti ile ile, kutoka juu ya kichwa chake. Akageuka akamtazama mama yake. Mwatumu alikuwa anatazama mbele tu.

Bridget akaharakisha, masikini, akidhani akifika mwisho atapona. Akafika. Tunu akafumbua macho. Mama anapika uji. Ndoto tu.

Weee! Mngesikia ukumbi ule. "Ati nini?" "Hiyo ni mwisho gani?" Mama mmoja wa Kikongo akasimama, mikono kichwani: "Ah non! Non! Mwaka muzima tunasikiliza ndoto? Na ile sauti zenye alimeza, zilienda wapi?" Jeptoo naye: "Na kwa lango je? Kila siku unatuambia Tunu akakumbuka alichoulizwa langoni. Aliulizwa nini?"

"Hiyo..." Bridget akasema. "Hiyo nimeachia kila mtu ajifikirie."

"Kitendawili!"

Sauti nyembamba, ya msichana, Kiswahili kimepinda Kimarekani. Mwanaidi alikuwa amesimama juu ya kiti. Nilimvuta sketi ashuke, hakushuka. Na nyie mnajua, ukisema neno lile mbele ya Waswahili, hata wakiwa wanapigana wataachana wakuitikie. Ukumbi mzima ukajibu: "Tega!"

"Changu ukikiiba, kila ukikitumia kinanitaja."

Akamnyooshea Bridget kidole. "Mlinzi wa lango alimuuliza Tunu hivyo. Mwanzo kabisa. Wewe umetunga. Tegua."

Bridget akatazama kompyuta, kama vile itamwonea huruma. Akasema pesa. Mwanaidi akasema siyo. Akasema moyo. Siyo! Watu wakaanza, kwanza wachache, halafu wote, wanapiga viti kwa viganja: "Toa mji! Toa mji!" Maana aliyeshindwa kitendawili lazima atoe mji ndipo aambiwe jibu, hilo halina Ukenya wala Utanzania.

"Haya, nawapa Nairobi," akasema, anajaribu kucheka.

"Hatutaki!"

"Washington."

"Si yako!"

Mwanaidi akasema, "Toa ule wa Tunu. Huo ulimchukulia mama yangu. Ulikaa kwenye kiti chake, simu ikiwa chini ya kitambaa. Hiyo Sauti ya Juu ni mama yangu. Anasuka." Akamshika Mwatumu mkono akauinua juu, ule mkono wenye sugu kwenye kidole cha shahada.

Watu wakageuka. Mwatumu akasimama. Hakwenda jukwaani, hakushika kipaza sauti. Alisema pale pale, kwa sauti ya chini, na watu wakanyamaza wenyewe ili wasikie.

"Jibu ni sauti. Kimeza alifanya karamu, akasimama kuimba. Tunu hakuleta upanga. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akawaleta akina mama wote wa mji, akawakalisha mbele. Mfalme akafungua kinywa, akatoa sauti ya kijana. Mama mmoja akaijua. Bubu hawezi kuita, basi akapiga kofi, vile alivyokuwa akimwita mwanawe utotoni. Ile sauti ikatoka kinywani mwa mfalme ikaenda kwao. Akatoa nyingine. Mama mwingine akapiga kofi. Wakapiga, wakapiga, mpaka zote zimetoka. Mfalme akabaki amesimama mbele ya watu, kinywa wazi, hana hata moja. Na hawakumuua. Walimwacha hivyo hivyo."

Sijui ni nani aliyeanza. Nadhani ni yule mama wa Kikongo. Alipiga kofi moja, kavu, akimtazama Bridget. Akafuata Jeptoo. Halafu ukumbi wote, kofi moja moja, si ya kushangilia. Bridget alisimama na kipaza sauti mkononi, mdomo wazi, nyusi juu. Kisha akashuka akapitia mlango wa jikoni.

Mimi nikapiga makofi mpaka pete ikanitoka.

Bridget alitupata nje, karibu na kituo cha treni, rangi za macho zimemchuruzika. "Anti, nisamehe. Nitaandika jina lako. Aki naapa."

Mwatumu akafunga vifungo vya koti. "Andika."

"Na umenisamehe?"

"Kimeza mwenyewe, niliyemtunga kwa mkono wangu, sikumsamehe," alisema. "Wewe ndiye nani?"

Jina aliliandika, tulilisoma. Wiki iliyofuata akapiga simu saluni, kichwa kinamuuma, anaomba afumuliwe. Niliipokea mimi. Nikamwambia nafasi hakuna. Akauliza wiki ijayo? Nikamwambia hakuna. Lini basi? Nikamwambia ajifumue mwenyewe, na akifika kisogoni asisahau dawa ya mba. Nikakata, nikala chakula changu kwa raha.

Kitini kwa Mwatumu alikuwa amekaa Mwanaidi, nywele za kumalizia shule, masikio wazi. Mama yake alikuwa amenuna kidogo, maana mwisho aliouweka kwa ajili ya siku ile ulishamwagika mbele za watu.

"Sasa nikusimulie nini?" alimuuliza. "Mwisho umeshausikia."

"Nilikuwa sijatulia, mama," mtoto akasema, kwa Kiswahili. "Nisimulie tena mimi peke yangu."

Mwatumu akachukua kitana. Nikageuza uso dirishani, nina kazi zangu.

"Inamisha kichwa," nikamsikia akisema. "Usitikisike."